Afya, Siha, Ustawi na Uzima: Istilahi za Matunzo ya Farasi na Jamaa Zake

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza watafsiri wa maandishi ya mifugo ni ile inayomtaka mtunzaji asitazame kiungo kinachouma peke yake, bali amtazame mnyama kwa ukamilifu wake: chakula chake, maji yake, malazi yake, kwato na meno yake, kazi anayotumikishwa, wenziwe anaoishi nao, na hata hofu na utulivu wake. Maandishi mengi ya dhana hii hutoka nchi za ng'ambo, na mnyama anayetajwa humo aghalabu ni farasi. Kwa hiyo mtafsiri wetu hujitwika mizigo miwili kwa mpigo: dhana ambayo haijapata jina moja linalokubaliwa na wote, na mnyama ambaye wasomaji wake wengi hawajapata kumfuga.

Katika makala haya tunakusudia kuieleza dhana hiyo, kuyapima maneno yanayogombania kuitaja, na kutoa mapendekezo. Kila istilahi tutaipima kwa kipimo kimoja: je, mfugaji wa Kibingo, wilayani Kyerwa, akisomewa maandishi na Bwana Mifugo, ataelewa afanye nini na asifanye nini? Hatukuichagua Kibingo kwa sababu ya wingi wa farasi. Tumeichagua kwa sababu ni nchi ya migomba, kahawa na ng'ombe, ambako Kiswahili hukutana na Kinyambo kila siku, na ambako mtu aweza kuzaliwa na kuzeeka bila kumgusa farasi. Istilahi itakayomfaa msikilizaji wa huko haitamshinda msikilizaji wa mahali pengine.

1. Farasi, mgeni wa Karagwe

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya ya peke yake mwaka 2012. Nchi ya Karagwe ya kale, ambayo ikulu yake ilikuwa Bweranyange, utukufu wake ulikuwa katika ng'ombe. Wasafiri Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, na katika hazina za ufalme ule zilizokuja kujulikana baadaye zimo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Farasi hakuwa na nafasi kama hiyo katika nchi hizi za bara.

Sababu yake si uvivu wa watu wala ukosefu wa malisho. Adui wa kwanza ni mbung'o, ambaye katika sehemu nyingi huitwa ndorobo. Mdudu huyo hueneza vijidudu vya nagana, na farasi ni miongoni mwa wanyama wasiostahimili ugonjwa huo. Daktari David Bruce ndiye aliyevitambua vijidudu hivyo huko Zululand katika miaka ya 1894 na 1895. Adui wa pili ni maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoenezwa na visubi wadogo warukao usiku. Maradhi hayo, yanapowakuta farasi wasio na kinga, huua wengi mno, ilhali punda milia huweza kubeba vijidudu vyake bila kuonyesha dalili yoyote. Nchi yenye punda milia na visubi haikuwa nchi ya kumstawisha farasi kwa urahisi.

Lugha nazo hutoa ushahidi uo huo. Ng'ombe katika Kinyambo, Kihaya na Kinyankole huitwa ente, neno la asili lililozaliwa pamoja na ufugaji wenyewe. Bali farasi katika Kinyankole ni embaraasi, na katika Kiganda ni embalaasi. Kila ayasikiaye maneno hayo hutambua kwamba ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi farasi, lililopanda bara pamoja na misafara. Mnyama alipofika, alifika na jina lake. Hakuwakuta watu wakiwa tayari na maneno ya kumwuguza.

2. Tulichorithi na tulichokosa

Kiswahili hakikosi maneno ya farasi. Tunayo hatamu na lijamu, tunayo tandiko, na tunaye saisi, yaani mtunza farasi. Tenzi zetu za kale, kama Utenzi wa Herekali ulioandikwa mwaka 1728, zimejaa vita na wapanda farasi. Huko Unguja farasi walikuwa fahari ya majumba ya kifalme. Bibi Salme binti Said anaeleza katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapwa mwaka 1886 jinsi watoto wa Sultani walivyofunzwa kupanda wanyama.

Lakini tukiyachungua maneno hayo tutaona kwamba takriban yote ni ya kumpanda farasi, kumpamba na kumpeleka vitani. Maneno ya kumwuguza ni machache. Hali ni kinyume kabisa kwa ng'ombe. Kwa ng'ombe tunayo ndigana, kimeta, chambavu na sotoka, maneno yanayoeleweka hata kwa mtu asiyejua kusoma. Sotoka ilitangazwa kuwa imefutika duniani mwaka 2011, lakini jina lake lingali hai kwa sababu liliwahi kuwa kilio cha kila boma.

Lipo jina moja la maradhi linalotoka katika jamaa ya farasi, nalo ni pepopunda. Siku hizi tunalitaja zaidi kwa habari ya watoto wachanga na watu waliochomwa na misumari, lakini yafaa ikumbukwe kwamba katika wanyama wafugwao hakuna anayeshambuliwa kwa urahisi na maradhi hayo kuliko farasi na jamaa zake. Jeraha dogo la kwato, likiingia udongo wenye vijidudu, latosha kumkakamaza mnyama hata afe. Hivyo mtafsiri anapokutana na ugonjwa huu katika kitabu cha farasi asihangaike kutohoa. Neno analo, na ni neno lenye nguvu.

3. Hatari ya kuazima lugha ya ng'ombe

Madhali maneno ya ng'ombe ni mengi na ya farasi ni haba, mtafsiri huvutwa kuazima. Hapo ndipo ajali hutokea, maana miili ya wanyama hawa wawili haikuumbwa namna moja.

Ng'ombe hucheua, farasi hacheui. Ng'ombe mkubwa ana tumbo kuu linaloweza kubeba lita 100 na zaidi, naye hula kwa haraka kisha hujilaza na kucheua. Tumbo la farasi hubeba kiasi cha lita 8 hadi 15 tu. Kwa sababu hiyo farasi aliye huru hula kidogo kidogo kwa muda wa saa nyingi, hata kufikia saa 16 kwa siku, na chakula chake cha majani huvundikwa katika utumbo mpana ulio nyuma. Tena farasi hawezi kutapika. Akipewa nafaka nyingi kwa mara moja, au akibadilishiwa chakula ghafula, hupatwa na msokoto wa tumbo ambao waweza kumwua. Maagizo yanayosema mnyama apewe chakula asubuhi na jioni humfaa ng'ombe arudiye zizini ameshiba. Kwa farasi aliyefungwa bandani kutwa, maagizo hayo hayo ni chanzo cha ugonjwa.

Kosa lililo baya zaidi limo katika neno mifugo. Wako watafsiri ambao kila wanapokutana na jina la ng'ombe katika maandishi ya kigeni huandika "mifugo", kwa kudhani kwamba maneno hayo ni mamoja. Tuitazame hatari yake. Dawa ya josho iitwayo amitrazi hutumika kuua kupe wa ng'ombe, lakini kwa farasi ni sumu: hulegeza na kuzuia mwendo wa matumbo, na mnyama hupata msokoto. Vile vile dawa ya monensini, ambayo katika nchi nyingi hutiwa katika chakula cha ng'ombe na kuku, humwua farasi hata kwa kiasi kidogo, kwa kuharibu misuli ya moyo. Sasa chupa au mfuko ukiandikwa kwa Kiswahili kwamba dawa hii "ni ya mifugo", mwenye punda au farasi ana haki ya kuamini kwamba mnyama wake amo. Mtafsiri hakubadili ila neno moja, lakini mnyama amekufa. Kwa hiyo pasemwapo ng'ombe, tuandike ng'ombe. Na neno mifugo tuliweke pale tu wanapokusudiwa wanyama wote wafugwao.

Tatizo jingine ni neno nyumbu. Kamusi zetu hulipa maana mbili: mnyama azaliwaye na punda na farasi, na mnyama wa porini aonekanaye kwa makundi huko Serengeti. Siku hizi Mtanzania akisikia nyumbu humfikiria yule wa porini. Katika maandishi ya maradhi jambo hili halivumiliki, kwa kuwa nyumbu wa porini hubeba maradhi ya ng'ombe ambayo hayamhusu kabisa yule mwana wa punda na farasi. Tunalo neno baghala, lililo wazi na lisilo na mshirika. Yafaa lifufuliwe.

4. Maneno manne yanayogombana

Tuje sasa katika dhana yenyewe. Maneno manne hutumika kwa kubadilishana, kana kwamba ni mamoja: afya, siha, ustawi na uzima. Kila moja lina mahali pake.

Afya ni neno lililokwisha kukubalika katika serikali, shule na hospitali. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, ilipanua maana yake kwa kusema kwamba afya si kutokuwa na maradhi tu, bali ni ukamilifu wa hali ya mwili, ya akili na ya maisha katika jamii. Hata hivyo katika masikio ya wananchi wengi, afya ya mnyama bado maana yake ni kwamba haumwi. Tuliache neno hili katika mipaka hiyo: hali ya mwili na viungo kufanya kazi ipasavyo.

Siha ni afya itazamwayo kwa macho: manyoya yanayong'aa, mbavu zisizohesabika kwa mbali, macho maangavu, mwendo mwepesi. Mnunuzi wa mnyama mnadani huangalia siha, maana ndiyo aonayo. Mnyama aweza kuwa na siha leo na kumbe ana ugonjwa uliojificha.

Ustawi ni neno la sheria. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na mtumishi wa serikali hana ruhusa ya kulibadili kwa ladha yake. Uzuri ni kwamba mizizi yake ni ya shambani. Mkulima wa Kibingo husema migomba imestawi, naye hana maana kwamba migomba haina ugonjwa tu. Ana maana kwamba imepata udongo, samadi, maji na nafasi, ikawa kama migomba ipaswavyo kuwa. Hivyo ndivyo tunavyotaka kusema juu ya farasi. Ustawi basi ni hali ya mnyama kupata yote yanayoupasa mwili na moyo wake.

Uzima ni neno la nne, na hili latupeleka katika kiini cha hoja yetu.

5. Kitendawili cha -zima

Neno la kigeni linaloitaja dhana ya kumtazama kiumbe kwa ukamilifu lilitungwa na Jan Smuts wa Afrika Kusini, katika kitabu chake Holism and Evolution cha mwaka 1926, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kizima. Hoja yake ilikuwa kwamba kitu kizima ni zaidi ya jumla ya sehemu zake. Watu wa tiba walilichukua neno hilo baadaye, na leo limeenea hata katika matangazo ya biashara.

Kiswahili hakina haja ya kwenda Uyunani kuomba. Shina letu -zima hubeba maana zote mbili kwa pamoja: kitu kizima ni kile kisichovunjika wala kupungua, na mtu mzima ni yule asiyeugua. Tunapoulizana, "Hujambo, u mzima?" tunauliza afya kwa kutumia neno la ukamilifu. Jirani zetu wa nchi za maziwa makuu nao wanayo hekima kama hiyo kwa njia nyingine: katika Kinyankole na katika lugha zilizo jamaa yake neno amagara hutaja afya na uhai kwa pamoja.

Lakini utajiri huu una mtego wake. Tukiandika "tiba ya farasi mzima" tumesema nini? Msomaji mmoja ataelewa tiba ya farasi kwa ukamilifu wake. Wa pili ataelewa tiba ya farasi aliyekomaa, si ya mtoto wake. Wa tatu atacheka na kuuliza, farasi aliye mzima anatibiwa nini? Wote watatu wana haki, kwa sababu kivumishi -zima, kikiambatana na kiumbe, hutoa maana hizo zote. Istilahi yenye tafsiri tatu haijawa istilahi.

Wengine wamejaribu -a jumla. Neno jumla ni zuri, ila limezoeleka katika biashara, na maelezo ya jumla kwetu ni maelezo yasiyoingia katika undani. Huku dhana yetu yadai undani wa kila jambo. Wengine huandika -kamilifu, lakini "tiba kamilifu" husikika kama majigambo ya mwuza dawa anayeahidi kwamba dawa yake haishindwi. Wengine huligeuza tahajia neno la kigeni na kuandika "holistiki". Hatukatai kutohoa panapokuwa na haja, lakini neno hili likisomwa Kibingo halitaamsha picha yoyote.

Sisi tunapendekeza kukiacha kivumishi na kutumia nomino: matunzo ya uzima. Nomino uzima haileti utata wa umri, kwa kuwa hali ya kukomaa tunaiita utu uzima. Wala haidai kwamba mnyama tayari haumwi, kwa kuwa uzima ni lengo linalotafutwa. Na neno matunzo tumelichagua badala ya tiba kwa makusudi. Tiba huanza ugonjwa unapoingia. Matunzo huanza asubuhi mnyama anapofunguliwa. Wahenga wametuambia kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na sehemu kubwa ya dhana hii ni kinga: kwato za farasi huhitaji kukatwa na kusawazishwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi, meno yake huhitaji kukaguliwa kwa kuwa huzidi kuchomoza kadiri yanavyolika, na yeye mwenyewe ni mnyama wa kundi ambaye huharibikiwa akifungiwa peke yake.

6. "Uhuru" usio uhuru

Watafsiri wengi watakutana na kanuni tano zilizotangazwa mwaka 1979 na baraza la Uingereza lililoshughulikia ustawi wa wanyama wa mashambani. Kwa lugha ya wenyewe zinaitwa uhuru wa namna tano, na ukizifuata neno kwa neno utapata "uhuru kutoka njaa na kiu". Mswahili hasemi hivyo. Kwetu mtu huwa huru akitoka utumwani au kifungoni, na nchi huwa huru ikijitawala. Na tukisema "uhuru wa njaa" mambo huwa mabaya zaidi, maana ni kama njaa ndiyo iliyopewa uhuru.

Sarufi yetu inatupa njia iliyonyooka: kuepushwa. Tena kanuni hizo zikitazamwa vizuri, nne ni za kumwepusha mnyama na jambo, na moja ni ya kumpa jambo. Kwa hiyo twapendekeza ziitwe nguzo tano za ustawi, nazo ni hizi: kuepushwa na njaa na kiu; kuepushwa na malazi mabaya na mazingira yanayomsumbua; kuepushwa na maumivu, majeraha na maradhi; kuepushwa na hofu na mfadhaiko; na kupewa nafasi ya kuishi kwa desturi ya jinsi yake.

Mwaka 1994 wataalamu Mellor na Reid wa New Zealand walizipanga upya hoja hizo katika nyanja tano: lishe, mazingira, afya, mwenendo, na hali ya moyo. Tofauti si ndogo. Nguzo husema mnyama aepushwe na nini. Nyanja huuliza kila hali ya mwili inamfanya ajisikieje. Mtafsiri asizichanganye, na asiseme "nguzo" katika aya moja na "nyanja" katika aya ya pili akikusudia kitu kimoja.

Yuko atakayeuliza kama "hali ya moyo" ya mnyama ni jambo la kuzungumzwa na watu wazito. Tumjibu kwa methali anayoijua: shukrani ya punda ni mateke. Methali hiyo humlaumu punda. Lakini anayefuata matunzo ya uzima huuliza kwanza: ana kidonda mgongoni chini ya mzigo? Kwato zimeota kupita kiasi? Alipigwa na nani jana? Punda ni mnyama afichaye maumivu, na teke lake mara nyingi ndiyo lugha pekee iliyobaki. Livingstone aliposhuka pwani ya kusini mwaka 1866 akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, alitaka kujua kama watastahimili mbung'o. Wanyama walikufa, lakini yeye mwenyewe alilalamika katika shajara yake kwamba waliteswa na kutumikishwa vibaya na wale waliowachunga, hata ikawa taabu kujua ni kipi kilichowaua: mdudu au mkono wa mtu. Huo ni mfano bora wa kuwaeleza wanafunzi kwa nini ugonjwa na matunzo haviwezi kutengwa.

Wala jambo hili si la anasa. Mjini Lamu, ambako punda ndiye gari la mji, kituo cha kuwatibu na kuwatunza punda kilifunguliwa mwaka 1987. Na mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubali kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi. Maazimio kama hayo yatahitaji kutafsiriwa, kufafanuliwa mikutanoni na kutekelezwa na maofisa wa kata. Yakitafsiriwa ovyo yatatekelezwa ovyo.

7. Matunzo ya uzima si tiba mbadala

Imebaki hatari moja, nayo ndiyo kubwa. Maandishi ya ng'ambo juu ya farasi mara nyingi huweka pamoja mambo mbalimbali: lishe bora, kukanda misuli, mitishamba, sindano za Kichina na kadhalika. Mtafsiri mwenye haraka huyafunika yote kwa jina la tiba mbadala, au hata tiba asili.

Maneno hayo mawili yamekwisha kupewa kazi. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, inayohusu tiba za watu. Tiba asili ni elimu ya uganga iliyorithiwa katika jamii zetu. Tiba mbadala ni mifumo mingine iliyotoka kwingine. Matunzo ya uzima si hii wala si ile. Hayachagui dawa, huchagua namna ya kumtazama mnyama. Daktari wa mifugo anayempa farasi chanjo ya pepopunda, akaagiza kwato zikatwe, akakataza nafaka nyingi na akataka mnyama apate mwenzake, ametoa matunzo ya uzima bila kugusa hata jani moja la mitishamba.

Neno mbadala lenyewe lina maana ya kitu kishikacho nafasi ya kingine. Mfugaji akiambiwa kwamba njia hii ni mbadala, ataelewa kwamba akiifuata aweza kuacha ile ya kwanza. Tumwazie mfugaji wa Kibingo aliyesomewa kijitabu kinachosifu njia hiyo, akaacha kuogesha ng'ombe wake kwa imani kwamba malisho mazuri yatatosha. Ndigana kali haitamngoja. Kupe humwuma ng'ombe mnene kama anavyomwuma aliyekonda, na katika siku chache zizi huwa tupu. Neno linalofaa ni nyongeza: palipo na tiba ya kusaidia, kama kukanda misuli ya farasi aliyechoka, tuiite tiba ya nyongeza, ili isidhaniwe kuwa imechukua nafasi ya chanjo au ya daktari.

Vile vile tusiichanganye dhana hii na Afya Moja. Afya Moja huunganisha afya ya watu, ya wanyama na ya mazingira katika utaratibu mmoja wa serikali. Mkoa wa Kagera wafahamu maana yake kwa uchungu, kwa kuwa ulikumbwa na ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, ugonjwa ambao asili yake ni popo. Afya Moja hutazama viumbe wengi kwa pamoja. Matunzo ya uzima hutazama kiumbe mmoja kwa pande zake zote.

8. Mfano wa kutafsiri

Ili tusibaki katika nadharia, tutoe mfano. Tafsiri ya kufuata maneno huweza kusoma hivi: "Mbinu ya kiholistiki kwa afya ya farasi inashughulikia mnyama mzima na inatoa uhuru kutoka maumivu kupitia tiba mbadala." Kila neno la sentensi hii lina asili yake katika maandishi ya kigeni, na msikilizaji hatoki na kitu.

Sasa tuiandike hivi: "Anayefuata matunzo ya uzima hamtazami farasi kwa ugonjwa wake tu. Huangalia anakula nini, analala wapi, anafanya kazi gani na anaishi na nani, kisha humwepusha na maumivu kwa msaada wa daktari wa mifugo." Sentensi zimekuwa mbili na maneno yameongezeka, lakini Bwana Mifugo aweza kuzisoma chini ya mti na kila mtu akajua la kufanya.

9. Istilahi zinazopendekezwa

Afya: hali ya mwili na viungo vya mnyama kufanya kazi bila maradhi.
Siha: afya inayoonekana kwa macho katika umbo, manyoya na mwendo.
Ustawi: hali ya mnyama kupata yote yanayoupasa mwili na moyo wake, ndilo neno la sheria.
Uzima: ukamilifu wa mnyama, afya na ustawi vikiwa pamoja.
Matunzo ya uzima: utunzaji unaomtazama mnyama kwa pande zake zote.
Nguzo tano za ustawi: kanuni tano za mwaka 1979.
Nyanja tano za ustawi: mpango wa mwaka 1994 wa kupima hali ya mnyama.
Tiba ya nyongeza: tiba isaidiayo tiba kuu bila kuchukua nafasi yake.
Maradhi ya farasi ya Afrika: maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi.
Msokoto: maumivu makali ya tumbo la farasi.
Baghala: mnyama azaliwaye na punda na farasi, neno nyumbu aachiwe wa porini.
Saisi: mtu ambaye kazi yake ni kutunza farasi.
Mifugo: wanyama wote wafugwao; lisitumike badala ya ng'ombe.

Orodha hii si amri. Walimu waijaribu madarasani, mabwana mifugo waijaribu majoshoni, na watafsiri waitie katika maandishi yao kwa muda wa kutosha kabla ya kuihukumu. Neno ambalo wafugaji watalikataa, tutapenda kujua wanasema nini badala yake, maana yumkini wenyewe wanalo lililo bora. Kipimo kibaki kile kile tulichoanza nacho: akisha kusikia, mwenye mnyama ajue la kufanya kabla jua halijachwa.